Wakaazi wa Juu ya Miti

Mtu atokaye Tabora mjini kwenda Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, hupita katika nchi ya miombo. Akiinua macho huenda akaona kichaka cha kijani kimekaa juu ya tawi, mbali na udongo. Wengi wetu hukiita kirukia, tukaongeza kwamba kinaunyonya mti. Hukumu hiyo ni ya haki kwa baadhi ya mimea ya namna hiyo. Kwa mingine ni dhuluma.

Mnyonyaji yupo. Tunda lake lina utomvu wa kunata. Ndege hulila, hupangusa mdomo tawini, na mbegu huota papo hapo na kupenyeza mzizi ndani ya mti. Miembe, ambayo misafara ya pwani iliieneza bara, yamjua sana. Lakini okidi haichukui kitu mtini ila mahali pa kukaa. Tutazame ile yenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi kama ngozi ya chui, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Baadhi ya mizizi yake husimama wima kama sindano nyeupe, ikafanya kikapu cha kupokea majani yaangukayo. Yakioza, huwa chakula chake. Mizizi hiyo imevikwa ngozi kama sifongo inayofyonza mvua mara inyeshapo, na mashina yake manene huweka akiba ya maji. Bila akiba hiyo isingeishi, kwani mvua ya Tabora kwa wastani haifiki milimeta 1,000 kwa mwaka, na miezi ya katikati ya mwaka hupita mikavu kabisa.

Ndiyo sababu wakaazi wa juu ya miti ni wachache Unyamwezi. Atakaye wingi wao na aende Amani, katika Usambara ya Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Huko unyevu wa Bahari ya Hindi hugeuka ukungu, ukalowesha matawi hata siku isiyo na mvua, na kangaga na okidi hushindania nafasi kwenye tawi moja. Tena milima ile ni kama visiwa: Usambara na Uluguru zimetengwa na nyanda kavu ambazo mimea ya ukungu haizivuki kwa urahisi. Kwa hiyo kuna okidi, kama baadhi za jenasi ya Polystachya, zisizoota popote duniani ila katika milima ya Tanzania. Miombo haina mipaka ya namna hiyo. Yafika Angola na Msumbiji, na Ansellia huonekana toka Afrika ya Magharibi hadi Afrika ya Kusini.

Wapo wasemao kwamba kisicho cha pekee hakina haja ya kutunzwa. Mimi sikubali. James Grant, aliyekaa Kaze pamoja na Speke mwaka 1861, aliona mimea ya njia hii yafaa kukusanywa na kupelekwa Uingereza, naye hakuichagua kwa uhaba wake. (Mizigo hiyo, bila shaka, ilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi.)

Siku hizi miti mikubwa huanguka kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku na kwa mashamba mapya. Tukipanda miche tunahesabu miche, lakini mbegu ya okidi ni vumbi tupu lisilo na akiba ya chakula: hapana budi ikutane na kuvu wa namna yake, juu ya gome kuukuu lenye nyufa. Mkaratusi, uambuao gome lake kila mara, si makao yake. Na mtundu mchanga wahitaji miaka mingi kabla ya kuwa makao.

Mti ukiangushwa, okidi huanguka nayo ingali hai. Mwanafunzi aweza kuibandua pamoja na kipande cha gome na kuifunga juu ya mti mwingine mzee kwa kamba ya muyombo, ileile ambayo wazee wa Unyamwezi hufungia mizinga ya nyuki. Mizizi mipya ikiisha kushika gome, kamba yaweza kuoza.