Hisabati Unayoikimbia Utaikuta Kidato cha Tano



Unapochagua tahasusi, au kombi kama mnavyoiita, huenda unajiuliza jambo moja tu: ni kombi ipi itakayoniondoa kwenye hisabati? Mimi nafundisha hisabati kidato cha nne, na kidato cha tano nafundisha hisabati tumizi, somo mnalolisikia kwa jina la BAM. Kila mwaka napokea darasa jipya la PCB, na hawakosekani wanaoshangaa nikiingia na chaki. "Mwalimu, sisi ni watu wa baiolojia." Ni kweli, lakini ratiba yenu ina vipindi vyangu.

Elewa mapema. Anayesoma PCM, PGM au EGM ana hisabati ya juu kama somo kuu. Anayesoma PCB, CBG au HGE anasoma BAM pembeni ya masomo yake makuu matatu. BAM haihesabiwi katika pointi za divisheni, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Mtu analipuuza miaka miwili kwa sababu "halina pointi", kisha wakati wa kuomba chuo anagundua kuwa zipo shahada, kama baadhi ya zile za uchumi na kompyuta, zinazomtaka asiyesoma hisabati ya juu awe amefaulu BAM, au awe na alama nzuri ya hisabati ya kidato cha nne. Somo alilolidharau ndilo linalomzuia mlangoni.

Habari njema ni kwamba BAM si mnyama mgeni. Ndani yake utakuta aljebra, fanksheni, takwimu, probabiliti, trigonometria na matriki, mada ambazo tayari unazo kwenye daftari lako. Kinachoongezeka zaidi ni kalkulasi. Hebu tuone jinsi inavyotegemea unachosoma leo.

Mfugaji ana wavu wa mita 40. Anataka kuzungushia uwanja wa kuku wenye umbo la mstatili, na upande mmoja mrefu ni ukuta wa nyumba, hauhitaji wavu. Apange vipi apate eneo kubwa kuliko yote? Upana ukiwa x, pande mbili zinachukua 2x, urefu unabaki 40 − 2x. Eneo ni x(40 − 2x), yaani 40x − 2x². Sasa ndipo kalkulasi inaingia, kwa mstari mmoja tu: 40 − 4x = 0. Jibu ni x = 10, urefu ni mita 20, eneo ni mita za mraba 200. Hakiki kwa kujaribu: upana wa 8 unatoa 192, upana wa 12 unatoa 192 vilevile.

Je, wanafunzi wangu hukwama wapi? Si kwenye ule mstari mpya. Huo wanaushika ndani ya wiki moja. Hukwama kwenye kufungua mabano. Mtu anaandika 40x − 2x badala ya 40x − 2x², na kila kinachofuata kinaharibika. Kosa hilo hakulipata kidato cha tano. Amelibeba tangu kidato cha pili.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu. Kwanza, usichague kombi kwa kukimbia. Chagua kwa kazi unayoitaka na masomo unayoyaweza, ukijua kuwa hisabati itakufuata. Kipimo si alama ya A. Jiulize: nikikosa swali, huwa narudi kulifanya tena? Kama jibu ni ndiyo, hata mwenye C ya leo anaweza kwenda mbali.

Pili, tenga daftari dogo la makosa. Kila swali unalokosa, andika mstari ule ulipoteleza, si jibu sahihi peke yake. Baada ya wiki tatu utaona makosa yako ni machache, ila yanajirudia. Hayo ndiyo ya kuyafanyia mazoezi, tena bila kikokotoo, kwa sababu kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne hutaruhusiwa kuwa nacho.

Tatu, jifunze kugawa muda. Kwa muundo wa mtihani uliozoeleka miaka ya karibuni, una maswali 14 kwa saa 3: kumi ya alama 6 na manne ya alama 10. Ukitumia dakika 10 kwa kila swali la alama 6, na dakika 16 kwa kila swali la alama 10, unamaliza kwa dakika 164 na kubakiwa na 16 za kukagua. Onyesha kila hatua. Jibu likikosewa, hatua sahihi bado zinaweza kukupa alama. Ukurasa mtupu hauna cha kusahihishwa.

Usingoje kidato cha tano kikukumbushe mabano. Leo jioni fungua mada ya aljebra, chagua maswali matano uliyowahi kuyakosa, uyafanye hadi mwisho bila kuchungulia majibu. Kesho chagua mengine matano. Tutakapokutana kwenye BAM, mgeni kwako awe ule mstari mmoja tu.