Nafasi ya 52

Jumatatu, 3 Machi 2025

Naandaa somo la kingamwili kwa mwaka wa tatu. Mfano wa ufunguo na kufuli umewakaa wanafunzi kichwani tangu sekondari. Wakishasema umbo limeoana na umbo, wanaweka kalamu chini. Mimi nataka waulize: ni nini hasa kinachoshika?

Kingamwili ya IgG ina amino asidi zipatazo 1,300. Zinazoigusa antijeni, yaani kile ambacho kingamwili hukishika, ni chache, na nyingi ziko kwenye vitanzi sita katika ncha ya kila mkono: vitatu vya mnyororo mzito, vitatu vya mnyororo mwepesi. Watafiti Wu na Kabat walilibaini jambo hili mwaka 1970 bila picha ya umbo lolote. Walipanga mifuatano ya minyororo myepesi sambamba, wakahesabu ni wapi amino asidi zinabadilika kupita kiasi. Kalamu, karatasi na subira.

Jumatano, 5 Machi

Baada ya futari nimekaa na amino asidi moja, tirosini. Katika vitanzi hivyo haizidi sana sehemu moja ya kumi ya amino asidi zote, lakini karibu robo ya migusano na antijeni ni yake. Sababu iko kwenye maumbile yake. Ina duara bapa la kaboni, linaloweza kujilaza juu ya sehemu zinazokwepa maji. Mwisho wa duara kuna haidroksili, ambayo hutoa au hupokea bondi ya haidrojeni. Ni ndefu kiasi cha kuifikia antijeni, lakini haiyumbiyumbi kama lisini, ambayo lazima itulizwe kabla ya kushika, na kuituliza kuna gharama ya nishati.

Majaribio ya kundi la Sachdev Sidhu kule Genentech bado yananishangaza. Mwaka 2004 waliunda maktaba ya kingamwili ambamo nafasi zilizobadilishwa kwenye vitanzi ziliruhusiwa amino asidi nne tu: tirosini, serini, alanini na aspateti. Mwaka uliofuata wakashuka hadi mbili, tirosini na serini. Bado wakapata kingamwili zinazoishika VEGF, protini inayochochea mishipa ya damu kuota. Tirosini inashika, serini, kwa udogo wake, inaiachia nafasi. Kati ya amino asidi 20, mbili zilitosha kuanzia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata mfano wa nyumbani. Sporozoiti, kimelea cha malaria anachotuachia mbu, amefunikwa na protini ya CSP. Katikati yake kuna kipande kinachojirudia: asparajini, alanini, asparajini, prolini, yaani NANP. Chanjo ya malaria ya RTS,S imebeba marudio 19 ya kipande hicho.

Mwaka 2018, kwenye jarida la Nature Medicine, watafiti walieleza kingamwili walizozitoa kwa Watanzania waliojitolea kuchanjwa kwa sporozoiti waliodhoofishwa. Zilizofanya kazi vizuri kuliko zote kwenye panya zilishika marudio na pia kipande cha kiungio kilicho kabla yake, ambacho RTS,S haina. Zilitoka kwa watu tofauti, lakini zote zilijengwa kwa jeni za VH3-30 au VH3-33, katika aleli (matoleo ya jeni) zinazoweka triptofani au ajinini kwenye nafasi ya 52 ya mnyororo mzito.

Triptofani ndiyo kubwa kuliko amino asidi zote 20. Maduara yake mawili yaliyoungana hujilaza juu ya prolini ya NANP. Tena haikuletwa na chanjo: mtu huzaliwa nayo kwenye jeni zake. Chanjo huziamsha seli B (zinazotengeneza kingamwili) zilizo nayo, kisha mabadiliko ya baadaye ya jeni hizo huongeza nguvu ya kushika.

Jumanne, 11 Machi

Binti wa safu ya mbele ameuliza: "Kwa hiyo, Dokta, asiye na aleli hiyo chanjo haimsaidii?" Nimemwambia hapana. Mtu hatengenezi kingamwili ya aina moja. Seli zake B hutumia jeni nyingi, na jibu la mwili ni jumla ya zote. Lakini swali lake ndilo wanaloumiza nalo vichwa wabunifu wa chanjo: utaamshaje seli zilizoanza na amino asidi inayofaa, badala ya kungoja bahati? Nimemwambia aliandikie insha.

Ijumaa, 14 Machi

Swali la mtihani, alama 10: "Katika kingamwili inayoshika NANP, triptofani ya nafasi ya 52 imebadilishwa kuwa alanini. Tabiri kitakachotokea, na ueleze sababu."

Mwongozo wa kusahihisha: atakayeandika tu kwamba umbo limebadilika, alama 3. Atakayesema uso mpana unaokwepa maji umetoweka na mshiko umelegea, 7. Atakayeitaja prolini, na kueleza kwamba alanini ni fupi mno kuilalia, apewe zote.