Oili chafu inayobaki kwenye injini: tupige hesabu kidogo

Wasomaji wangu, leo naiweka kompyuta kando, tuongee juu ya oili ya pikipiki. Msikimbie, programu ipo mbele kidogo!

Hapa Kisumu pikipiki ni chombo cha kazi. Baada ya serikali kuondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, boda za injini zilichukua nafasi ya zile za baiskeli. Kwa hiyo injini ya mtu ikifa, ni ugali wa nyumba nzima umeingia hatarini. Ndiyo maana kila mtu ana msimamo wake kuhusu oili.

Fundi ninayempelekea pikipiki yangu, upande wa Kondele, akishamwaga oili ya zamani huniuliza, "Omera, tuoshe?" Maana yake atie mafuta ya taa, awashe injini kidogo, ayamwage, ndipo atie oili mpya. Mimi hukataa. Yeye hucheka na kusema watu wa kompyuta ni wabahili.

Lakini tumpe haki yake: ni kweli oili chafu hubaki. Angalia kitabu cha pikipiki yako, utakuta vipimo viwili vya oili: kimoja cha kubadilisha, kingine cha injini iliyofunguliwa yote. Kwa Honda nyingi ndogo tofauti ni karibu mililita 200. CG125, kwa mfano, hupokea lita 0.9 unapobadilisha, na 1.1 ikiwa imefunguliwa. Hizo 200 zimejificha kwenye klachi, gia, njia nyembamba na pembe za tumbo la injini.

Sasa fikiria kuhusu mafuta ya taa. Pembe zinazoshika oili chafu ndizo zitakazoshika mafuta ya taa pia! Ukitia mililita 900, yakachanganyika na zile 200, ukamwaga, bado zitabaki 200. Ndani yake oili chafu ni kama 36, na 164 ni mafuta ya taa. Juu yake unatia oili mpya. Umeondoa uchafu, sawa, lakini oili yako mpya sasa ina asilimia 15 ya mafuta ya taa. Mengine yatapotea kama mvuke injini ikipata moto, ila kabla ya hapo vyuma vinasuguana kwenye oili nyepesi, na oili hiyohiyo ndiyo inayolinda gia na klachi.

Swali linalobaki: je, uchafu hauongezeki kila mara mpaka injini iharibike? Hapo ndipo nilipoandika programu ya mistari mitano. Tuseme kila kipindi cha oili huzalisha uchafu wa kiasi cha 100. Ukibadilisha, unabaki na 200 ya 1,100, yaani asilimia 18. Mwisho wa kipindi cha pili uchafu ni 118. Cha tatu, 121 na nusu. Cha nne, 122. Halafu unasimama hapohapo! Hata ukizungusha programu mara elfu moja, haupiti 122 na ushei.

Sasa tukichukulia uchafu hukua sawasawa na kilomita, tazama dawa ilivyo rahisi. Kama umezoea kubadilisha kila kilomita 1,500, badilisha kwenye 1,200. Uchafu wako wa juu kabisa, pamoja na mabaki yote, utakuwa kama 98. Uko chini ya mtu anayeendesha 1,500 na ambaye angeweza kutoa oili mpaka tone la mwisho.

Ukitaka kupunguza mabaki bila mafuta ya taa, fanya hivi:

1. Mwaga injini ikiwa na joto. Oili moto ni nyepesi na hubeba uchafu unaoelea. Angalia tu usiungue.
2. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, kisha ilaze kidogo kushoto na kulia.
3. Zima swichi, piga kiki mara chache. Oili iliyojificha itashuka.
4. Iache itone dakika 15. Kunywa chai.
5. Safisha chujio la waya. Kama injini ni ya muundo wa CG, kuna pia chujio linalozunguka ndani ya kifuniko cha kulia. Humo tope hugandamana, na halitoki kwa kumwaga. Mwambie fundi alifungue mara mojamoja.

Jambo la mwisho. Tunahangaika na mililita 200 zilizobaki ndani, na zile 900 zilizotoka je? Ukiosha kwa mafuta ya taa, taka zinakuwa lita 1.8 badala ya 0.9. Zikimwagwa mtaroni, mvua huzisukuma hadi Kisat au Auji, kisha ziwani. Na sehemu ya maji ya mabomba yetu huvutwa ziwani humohumo, pale Dunga. Mimi hubeba dumu langu, namwachia fundi akishaonyesha pipa anapokusanyia. Asipokuwa na pipa, narudi nalo nyumbani mpaka nimpate mwenye nalo.

Haya, kwa leo ni hayo. Tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye kompyuta.