Mama, usilisugue hilo paa

Kwa sisi tuliokulia milima ya Usambara, ukoga juu ya paa si kitu cha ajabu. Ukungu haukauki mapema, miti imeinamia nyumba, na upande usiopata jua hufunikwa na kijani kinene kama zulia. Hauna mizizi ya kutoboa, ila hushika maji kama sponji, na paa linalokaa na unyevu muda mrefu huchakaa haraka.

Mwaka huu mama aliamua kuuondoa. Wageni wa posa ya mdogo wangu walikuwa njiani, naye hakutaka waikute nyumba ya marehemu baba imeota majani kichwani. Aliniambia kwa simu kwamba ameshampata kijana wa jirani, apande na brashi ya waya asugue mpaka paa ling'ae.

Nikamwomba asubiri. Nyumba yetu ilijengwa miaka ya sabini, na juu yake si bati. Ni yale mapaa mazito ya kijivu yenye mawimbi, ya saruji iliyochanganywa na asbesto.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, kwa hiyo jina hilo nalijua vizuri. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwamo ya mapafu na ile ya utando unaozunguka mapafu. Likiwa zima na halijaguswa, paa hilo halitoi vumbi jingi. Likisuguliwa, kukatwa au kutobolewa, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Mtu huzivuta, hahisi kitu, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi.

"Mbona tumelala chini yake miaka yote na hatujafa?" mama akauliza.

Nikamjibu kwamba hatukuwahi kulisugua. Kisha nikamuuliza kijana huyo ana umri gani. Miaka 19, akasema. Tukanyamaza wote wawili. Kama nyuzi zile zingemwingia, angekuja kuugua akiwa baba wa watoto, na hakuna ambaye angekumbuka siku aliyosafisha paa letu kwa ujira wa siku moja.

Kijana alilipwa kwa kazi nyingine: alikata matawi yaliyoinamia nyumba, ili jua na upepo vikaushe paa. Ukoga unaokosa unyevu hudhoofika wenyewe.

Nawe msomaji, kama nyumba yenu au ya wazazi ina paa la namna hii, usitumie brashi ya waya wala mashine ya maji yenye nguvu. Usilikanyage, likizeeka huvunjika ghafla, na wapo walioanguka hivyo. Vipande vilivyovunjika visipondwe kuwa kifusi cha njiani. Vimwagiwe maji visitoe vumbi, watoto wakae mbali, na ofisi ya afya au mazingira ya wilaya iulizwe pa kuvipeleka. Ni maabara pekee inayoweza kuthibitisha, lakini ukiwa na shaka, lichukulie kuwa lina asbesto.

Wenye bati au vigae vya kawaida wana nafuu: brashi laini kutoka juu kwenda chini, paa likiwa na unyevu. Mkitumia klorini, chomoeni kwanza bomba linalojaza tangi, na kamwe msiichanganye na siki, kwani hutoa hewa yenye sumu.

Sisi ndugu watatu tumeanza kuchanga fedha za bati jipya, na za mafundi wenye vifaa vya kulishusha la zamani. Itachukua muda. Hadi hapo, nyumba ya baba itabaki na kijani chake, na mama ameridhika.