Papa Naye Hukimbia

Nilipotazama filamu ya Jaws nikiwa mdogo, niliapa sitaingia baharini kupita magoti. Kwangu papa mweupe ndiye alikuwa kikomo: baada yake hakuna wa kuogopwa.

Kisha nikasoma habari za Gansbaai, Afrika Kusini. Mwaka 2017 mizoga ya papa weupe ilitupwa ufukweni, mingine imetolewa maini. Washukiwa walikuwa nyangumi wauaji wawili madume, Port na Starboard, walioitwa hivyo kwa sababu ya mapezi yao ya mgongoni yaliyolala, la mmoja kushoto, la mwenzake kulia. Juni 2023, karibu na Mossel Bay, Starboard peke yake alimuua papa mchanga wa mita 2.5 kwa chini ya dakika mbili.

Kwa nini ini? Waulize mafundi wa majahazi wa pwani yetu: limejaa mafuta, ile sifa ya kupaka mbao.

Huyu tunayemwita nyangumi ni wa ukoo wa pomboo. Hukua ubavuni mwa mama yake, akijifunza kuwinda. Papa akishazaliwa, huyo, kaenda zake. Hana wa kumfunza wala wa kumwita akizidiwa.

Papa walipoyahama maji ya Gansbaai, sikushangilia. Tunasema neno chungu hukata maini. Nilipoona picha ya mzoga ule uliopasuliwa, yaliyokatika yalikuwa yangu. Niliyemwogopa miaka yote, kumbe naye alikuwa na wa kumkimbia.