Bua Lililotafunwa

Mzee hakuigusa mashine. Alishuka kwenye pikipiki, akajipangusa vumbi la barabara ya Bogoro, akapita kando ya trekta kana kwamba haioni, akaingia moja kwa moja kwenye kipande tulichokuwa tumefyeka asubuhi ile. Akainama, akang'oa bua la sida, kile kijiti kigumu ambacho mama zetu walikifunga kuwa fagio la uani. Akaligeuza mbele ya macho yake. Ncha ya bua haikuwa imekatwa. Ilikuwa imepondwa, nyuzi nyeupe zinaning'inia, mfano wa muwa uliotafunwa na mtoto.

"Mashine yenu haikati," alisema. "Inachapa."

Kwamba haikati tulijua, ndiyo maana tulimwita. Ilikuwa 2013, na tangu msimu wa mvua uliotangulia tulikuwa tumeshaibadilishia visu, tumemwaga mafuta ya giaboksi na kuweka mapya, tumenunua bulo, yaani bolti, za akiba kwa kilo. Kila mmoja alikuwa na mshitakiwa wake. Shofere alishitaki visu. Mimi nilishitaki giaboksi. Baba Mdogo alishitaki Kampala, kwa kuwa mashine ilitoka huko, ikapitia Goli na Mahagi mpaka kutufikia Bunia, na kwake yeye kitu kilichouzwa na mtu mliyekutana naye mara moja tu hakina budi kuwa na ugonjwa.

Lakini Baba Mdogo alikuwa na neno jingine zito zaidi, ambalo alilisema kila jioni: tangu lini watu wakanunua mashine ya kukata majani ya ng'ombe?

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1970, vilima vile vya kusini-mashariki ya Bunia, pale nchi inapoanza kujiandaa kuteremka kuelekea Ziwa Albert, vilifyekwa kwa midomo. Ng'ombe walikuwa wengi, na walichokiacha kilimalizwa na moto. Kiangazi cha Desemba hadi Februari kikishakausha nyasi, Baba Mdogo alikuwa akitoka nje jioni, anasimama akisikiliza upepo, anarudi kula. Kesho hivyo hivyo. Siku upepo ulipomridhisha, alitia moto, na usiku sisi watoto tulikaa tukitazama mstari mwekundu ukipanda kilima polepole. Mvua ya kwanza ya Machi ikipiga, juu ya majivu palitoka majani laini ambayo ng'ombe waliyakimbilia bila kuchungwa. Kichaka hakikupata nafasi ya kuwa mti. Kila mwaka kiliungua kikiwa kichanga.

Hata kwenye konsesioni kubwa za walowezi, ambazo baada ya tangazo la Mobutu la 30 Novemba 1973 zilikabidhiwa Wazaire, kazi ilikuwa ileile, ila pamoja na nyaya za uzio. (Makaratasi ya konsesioni hizo yalikuja kuwa mojawapo ya cheche za vita vya 1999. Hayo wameyaandika wengine, na sitaki kuyagusa kwa mkono mmoja.)

Vita vilipokuja, ng'ombe waliondoka kwanza. Wengine waliswagwa usiku, wengine waliuzwa kwa bei ya kuku, wengine waliliwa na watu wasiojua hata majina yao. Bogoro ilishambuliwa 24 Februari 2003, na asubuhi hiyo imeandikwa kurasa nyingi mahakamani huko The Hague. Sisi tulikuwa tayari mjini, tumejibanza kwa ndugu.

Tuliporudi kuyatazama malisho, mwaka 2009, sikuyatambua. Nilikuwa natafuta nyasi nikakuta ukuta. Lantana ilikuwa imenipita urefu, maua yake ya njano na waridi yanacheka. Tunguja zilikuwa zimezaa vitunda vyake vya manjano kila mahali. Sida ilisimama kama jeshi, na chini yake nyasi kali za Imperata ambazo zikikomaa ng'ombe hulamba tu na kupita. Lantana ni mgeni kutoka Amerika ya kitropiki, aliyetembezwa duniani kwa ajili ya maua yake. Ng'ombe akizidiwa na njaa akaila, huugua ini, na yule mwenye ngozi nyeupe huanza kubambuka juani. Kwa hiyo ng'ombe wachache wanaorudi hawaipunguzi, bali huipalilia: wanakula kila kitu pembeni yake na kuiachia uwanja.

Ndipo familia nne tukachanga pesa, tukanunua trekta kuukuu na mashine ya kufyekea ya kufunga nyuma.

Narudi kwa Mzee. Alikuwa mekanisiye wa zamani, mtu wa maneno machache na ovaroli iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Akamwambia shofere awashe na afyeke kama anavyofyeka kila siku. Shofere akawasha. Mzee akafumba macho.

"Mbona inaimba chini hivi?"

Shofere akatazama pembeni. "Mafuta iko bei, Mzee."

Ilikuwa kweli. Dizeli tuliinunua kwa Kadafi, wale wauza mafuta ya bidoni barabarani, na shofere, kijana mwaminifu kuliko sisi sote, alikuwa ametuhurumia. Alipunguza moto wa injini ili bidoni lidumu. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kwenye geji ya injini kuna alama ndogo inayoonyesha pale mhimili wa nyuma unaozungusha mashine unapofikia mizunguko 540 kwa dakika, na kwamba mashine ilitengenezwa kwa mwendo huo tu.

Mzee alitueleza kwa namna ambayo sijaisahau. Panga, alisema, linakata kwa makali, na mkono ndio unaolipa. Kisu cha mashine hii kinakata kwa mbio. Ndani ya giaboksi yetu ile 540 huongezwa ikakaribia 800. Kisu ambacho ncha yake iko sentimita 75 kutoka katikati, kwa mizunguko hiyo, ncha inakimbia zaidi ya mita 60 kwa sekunde, yaani kupita kilomita 200 kwa saa. Bua halipati wakati wa kuinama. Lakini ukipunguza mbio kwa theluthi moja, nguvu ya pigo haipungui kwa theluthi, inashuka chini ya nusu. Hapo bua linainama, kisu kinapita juu yake kikilichubua, na likishapita trekta linainuka tena kama mtu aliyekwepa teke.

Kisha akazima injini, akauchomoa ufunguo na kuutia mfukoni mwake mwenyewe, akatuagiza magogo mawili tuyaweke chini ya bati. Ndipo alipolala chali na kuingia chini. Kwa muda tuliona viatu vyake tu. Halafu tukasikia kicheko.

"Nani alifunga visu hivi?"

Tulivifunga sisi. Mimi, shofere na Baba Mdogo akishika taa, tena kwa fahari, Jumapili nzima. Visu vipya kutoka Kampala, na tulikuwa tumevifunga vimegeuka: makali yanatazama nyuma, mgongo unatangulia. Kwa miezi mitatu tulikuwa tunafyeka kwa kisogo cha kisu. Na kimoja hakikuchezacheza kwenye bulo yake kama inavyopaswa, kutu ilikuwa imekibana, kwa hiyo kila kilipogonga jiwe hakikurudi nyuma kupisha, kilipeleka kipigo chote juu. Ndiyo sababu ile bulo ya usalama, ambayo kazi yake ni kukatika ili giaboksi isipasuke, ilikuwa inakatika mara mbili kwa siku. Sisi tulikuwa tunailaani bulo.

Akavigeuza. Akavipitisha tupa kidogo, akamkataza shofere kuvinoa kama wembe, maana ukingo mwembamba hukunjika kwenye jiwe la kwanza. Akashusha mbele ya mashine iwe chini kuliko nyuma kwa upana wa vidole viwili. Mwisho akachukua chokaa akachora mshale juu ya bati kuonyesha visu vinakozungukia. Mshale ule tuliupaka rangi baadaye. Upo hadi leo.

Alasiri hiyo mashine ililia kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, na sida ikalala. Kipande kilichokuwa kikitumalizia bidoni mbili kwa kupitwa mara mbili, kikaisha kwa bidoni moja na kitu. Shofere alikuwa akishuka kila baada ya mstari kuokota mabua na kutazama ncha zake.

Lantana, hata hivyo, Mzee alikataa kuigusa. Sisi tulijaribu alipoondoka. Mashina yake yalibaki yamechongoka kama mikuki na tairi la mbele likapasuka siku hiyo hiyo, na mvua iliponyesha kila kisiki kikatoa vichipukizi vitano pale palipokuwa na shina moja. Basi tukawaita vijana kwa sururu na shoka, wakaing'oa na mizizi, kilima kimoja kwa msimu. Mashine ikawa inapita nyuma yao, na nyuma ya mashine ng'ombe tisa wa kwanza.

Na nyuma ya ng'ombe, Baba Mdogo. Yeye aliyecheka mashine alianza kutembea malishoni asubuhi akipasua maua ya sida kwa ukucha kutazama kama mbegu imeanza kushika. Siku moja akarudi nyumbani akaniambia, kwa sauti ileile aliyoitumia zamani kuhusu upepo, "Kesho, mwanangu. Zikingoja Jumatatu zitazaa."

Kuanzia mwisho wa 2017 mkoa uliharibika tena, kwanza Djugu, kisha kwetu Irumu. Ng'ombe walihamishwa, trekta tukaileta mjini. Siku hizi tunaikodisha: uwanja wa mpira, kiwanja cha shule, shamba la mtu pembezoni mwa Bunia. Majuzi jirani aliyeikodi siku mbili alinipigia simu akilalamika kwamba mashine yangu ni mbovu, haikati. Nilimwomba aniletee bua moja. Akaja nalo jioni, amelishika kwa vidole viwili kama ushahidi. Nililigeuza kwenye mwanga wa taa, nyuzi zikaning'inia.

"Kadafi anauzaje leo?" nikamuuliza.