Mahali pa Mkato

Hakuna jambo refu lisilokuwa na kituo. Safari ina kambi, siku ina adhuhuri, nguo ina mshono, na mshororo wa shairi una kina cha kati ambapo msomaji huvuta pumzi kabla ya kuumaliza. Kituo chenyewe si aibu. Aibu ni kukiweka pasipo mahali pake. Mtunzi akilipasua neno vipande viwili ili mizani nane zitimie, mizani hutimia lakini shairi huumia. Jambo hili hudhaniwa kuwa ni la washairi peke yao. Walakini huonekana dhahiri katika chombo kidogo cha zama hizi, nacho ni diski ya DVD yenye matabaka mawili.

Makampuni yalikubaliana juu ya umbo la DVD mwaka 1995, na mashine za kwanza za kuichezea ziliuzwa Japani mwezi wa Novemba 1996. Diski ina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, wala si kipande kimoja: ni sahani mbili nyembamba, kila moja ya milimita 0.6, zilizogandishwa pamoja. Tabaka moja huchukua baiti bilioni 4.7. Kiasi hicho hutosha kwa mchezo mfupi, lakini mchezo mrefu wenye picha safi hukibana kama mgeni mnene katika kiti cha mtoto. Kwa hiyo tabaka la pili liliwekwa nyuma ya la kwanza, na mwaka 2004 zilitokea diski za namna hiyo ambazo mtu aliweza kuzichoma mwenyewe nyumbani kwa kompyuta yake. Diski hizo huchukua baiti 8,547,991,552. Si mara mbili ya tabaka moja barabara, maana katika diski ya matabaka mawili alama fupi kabisa hurefushwa kutoka maikromita 0.40 hata 0.44, ili mwali wa leza uzisome bila ya kuchanganyikiwa. Aliyepewa nafasi mbili alitozwa kidogo katika kila moja.

Mwali huo huanza kusoma karibu na kitovu cha diski, ukaenda ukizunguka katika tabaka la kwanza kuelekea ukingoni. Ufikapo mwisho wa sehemu yake, huacha kulenga tabaka la kwanza, ukalenga la pili, ambalo liko mbali kwa kadiri isiyofika sehemu moja ya kumi ya milimita. Kisha hugeuka na kurudi kitovuni. Ni kama jahazi liendalo kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Lakini hakuna jahazi ligeukalo bila ya kutanga kidogo. Katika kugeuka huko hupita muda, mara nyingine sehemu ya sekunde, mara nyingine zaidi. Mashine nyingine huwa na akiba ya kutosha ya picha na sauti, zikaficha upungufu huo, nyingine hazina. Hapo picha husimama na sauti hunyamaza. Mahali hapo ndipo penye mkato wa tabaka.

Taabu hii ina wazee wake. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurekodiwa nyimbo, santuri za siku zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulichukua kiasi cha dakika 3. Wimbo ambao barazani ungeweza kuendelea maadamu wasikilizaji wana hamu, katika santuri ulipaswa kutii ukingo wa sahani. Katika nyumba za sinema, mkanda wa futi 2,000 ulikwisha kwa muda wa dakika 22 hivi, na alama ndogo ilitokea pembeni mwa picha ili kumwonya mwendesha mashine aiwashe mashine ya pili. Kila chombo cha kuhifadhi sauti na picha kina ukingo wake. Na panapo ukingo, lazima awepo mtu wa kuamua nini kiachwe huku na nini kivushwe ng'ambo.

Kijana mmoja wa pwani alipata kujua uzito wa uamuzi huo. Bibi yake alikuwa hodari wa kusimulia, na jioni moja jamaa walipokusanyika kijana alimketisha mbele ya kamera, akamwomba asimulie maisha yake. Bibi alisema kwa muda wa saa mbili: utoto wake, ndoa yake, njaa na neema alizoziona, watoto aliowazaa na mmoja aliyemzika. Miezi michache baadaye alifariki dunia. Kanda ile ikawa urithi wa ukoo mzima, na jamaa waliokuwa mbali, wengine hata Maskati, walitaka kila mmoja awe na nakala yake.

Kijana alifanya kazi kwa mapenzi, na mapenzi yakampotosha. Hakutaka kupunguza hata chembe ya uzuri wa picha, akaijaza diski mpaka pomoni, baiti bilioni 8.4. Programu ya kupangia iliigawa picha katika sura za dakika kumi kumi kwa kufuata saa. Programu ya kuchomea ikatafuta mwanzo wa sura ulio karibu na nusu, ikakata hapo, katika dakika ya 60. Kijana hakuuliza wala hakuulizwa. Usiku ule aliicheza diski mbele ya mama yake. Ilipofika dakika hiyo, bibi alikuwa katikati ya neno. Kinywa chake kilibaki wazi, sauti ikapotea, kisha nusu ya pili ya neno ikaja peke yake. Mama aligeuka akasema, "Mwanangu, mbona bibi yako amekata kauli?"

Kwa Kiswahili kauli hukatwa na mgonjwa aliye katika saa yake ya mwisho. Mama hakukusudia kumlaumu mwanawe, lakini lawama kubwa kuliko ile haikuwezekana. Diski iliyochomwa namna ile haifutiki. Kijana aliiweka kando, akaanza kujifunza mambo ambayo programu ilimwamulia.

Aligundua sheria tatu. Sheria ya kwanza ni kwamba mkato hauwezi kuwa popote. Lazima uwe mwanzoni mwa seli, yaani moja ya sehemu ndogo zinazoiunda picha katika DVD, na kila sura huanza na seli mpya. Ya pili ni kwamba sekta za diski, kila moja ya baiti 2,048, hufungwa kumi na sita kumi na sita ili makosa yaweze kusahihishwa, na mkato lazima uwe baina ya fungu na fungu. Ya tatu ndiyo yenye hekima kuliko zote: kwa kuwa tabaka la pili huanza pale la kwanza lilipoishia na kurudi kitovuni, haliwezi kuwa refu kuliko la kwanza, na la kwanza nalo haliwezi kupita sekta 2,086,912, ambazo ni baiti bilioni 4.27 na kidogo juu yake. Basi mkato haupaswi kutangulia nusu ya mzigo, wala kupita ukomo wa tabaka.

Mtu akizitazama sheria hizi kwa haraka ataona pingu tupu. Akizitazama kwa hesabu ataona jambo jingine. Picha ya dakika 120 yenye baiti bilioni 8.4, ikiwa mzigo umeenea sawasawa, huweza kukatwa baina ya dakika ya 60 na ya 61 tu. Dakika moja ndiyo hiari yote ya mchomaji. Lakini picha hiyo hiyo ikipunguzwa hata baiti bilioni 7.0, mkato huweza kuwekwa popote baina ya dakika ya 60 na ya 73. Kwa kuacha sehemu moja ya sita ya mzigo, hiari huongezeka zaidi ya mara kumi. Diski ikijaa, diski huamua. Ikibakizwa nafasi, mtu huamua. Aliyejaza chombo mpaka mdomoni hawezi kukibeba bila ya kumwaga, na hawezi kuchagua atakapomwagia.

Kijana alipunguza. Picha ilipoteza kidogo ukali wake, kwa kadiri ambayo jicho la mtazamaji lisingeitambua, naye akapata dakika kumi na tatu za kuchagua. Alizisikiliza zote tangu mwanzo hata mwisho, akaona mahali patatu. Katika dakika ya 62 bibi alivuta pumzi baina ya sentensi mbili. Palikuwa pafupi mno. Katika dakika ya 66 palikuwa na kimya kirefu: bibi alifika katika habari ya mtoto aliyemzika, akanyamaza, macho yake yakatazama chini, na kamera haikutikisika. Katika dakika ya 71 alimaliza habari ile, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, na sinia la kahawa likaingia.

Kwa macho ya fundi, mahali pa pili palikuwa bora. Picha imetulia na sauti hakuna. Mashine ikisimama hapo, ni nani angejua? Kijana alikaribia kupachagua. Ndipo alipofahamu kwamba hilo hasa ndilo lililokuwa kosa. Kimya cha bibi hakikuwa nafasi tupu, kilikuwa maneno. Mtu wa Maskati akikitazama kimya hicho kikichanganyika na kimya cha mashine, asingejua wapi bibi aliishia na wapi mashine ilianzia. Angeweza kudhani kuwa diski ni mbovu, akanyanyuka kuitikisa mashine wakati ambapo alipaswa kukaa na kulia. Mkato uliofichwa ndani ya huzuni ya mtu huiba huzuni hiyo. Kijana aliweka mwanzo wa sura mpya katika dakika ya 71, penye kahawa, akaiunda picha upya, akaifungua katika ImgBurn, programu ambayo humwonyesha mchomaji orodha ya mahali panapowezekana ili achague mwenyewe. Alichagua, akachoma. Mama alipoitazama diski ya pili, picha ilisimama kidogo sinia lilipoingia. Mama akatumia nafasi hiyo kujimiminia kikombe chake.

Wako watakaosema kwamba nusu sekunde ni kitu kidogo mno kuandikiwa insha, na kwamba mashine njema huificha. Ni kweli kwamba mashine njema huificha, lakini mtoaji zawadi hachagui mashine ya mpokeaji. Wengine watasema kwamba wakati wa diski umepita; picha nyingi leo hutazamwa kwa intaneti, ambako hakuna tabaka la kugeukia. Hilo pia ni kweli, na hata hivyo matangazo ya biashara huingia katikati ya hadithi bila ya kuuliza msimulizi amefika wapi. Mkato haukuondoka duniani. Umebadilisha mavazi tu, na aghalabu huwekwa na asiyeyasikia yanayosemwa.

Msomi naye asidhani kuwa yuko nje ya habari hii. Anayehariri mswada, anayegawa utenzi mrefu katika kurasa za kitabu, anayechagua mwisho wa kipindi cha somo, wote wameshika mkasi ule ule. Kila mmoja ana ukomo asioweza kuuvuka, na ndani ya ukomo huo ana upana wa hiari, mwembamba au mkubwa kwa kadiri ya alivyojizuia kujaza. Programu inaweza kuonyesha mahali palipo kimya. Haiwezi kuonyesha kimya kilicho pumziko na kimya kilicho kilio. Kazi hiyo imebakizwa kwa mtu, nayo haifanyiki ila kwa kusikiliza mpaka mwisho. Anayelazimika kukata kauli ya mwenziwe na aisikilize kwanza, ajibakizie nafasi, kisha akate pale ambapo mwenziwe mwenyewe angeomba maji ya kunywa.